Kazi ya Matundu

Kofia moja ya viua ni mwezi na nusu wa macho yangu.
Hiyo ndiyo bei. Riyali ni maneno tu
tunayotupiana na Jamnadas pale sokoni Matrah,
yeye asione haya kuninyonya, mimi nisione haya kunyonywa.

Daftari langu limejaa vichwa.
Muhenna, inchi ishirini na mbili na robo.
Nduguye na nusu zaidi, mkaidi, kichwa mtungi.
Bwana harusi wa Shaabani.
Vichwa saba vya nyumba moja ya Barka, vya Idi.
Wenzangu wana benki, mimi nina vichwa vya watu.

Kisha wakafunga njia,
askari, koni za rangi ya chungwa,
redio ikasema harusi hakuna, matanga hakuna,
sala ya Idi kila mtu kwake.
Sikungoja wachumi wanieleze:
mtu havai kofia mpya kusali mbele ya friji.

Jamnadas akapiga simu. Miaka kumi na tisa,
mara ya kwanza kuniuliza hali kabla ya kofia.
Nikaogopa.
"Bibi, kaa nazo kwanza."
Nikakaa nazo, nne.
Nikazivisha mabakuli zisipoteze umbo,
na kila asubuhi nikiingia jikoni
nakuta wanaume wanne wafupi wananingoja niwape chai.

Shofiqul, aliyekuwa akizitia wanga,
duka lake upana wa mlango,
alikuja kuniaga chini ya dirisha, kwa mbali.
Ndege yake alfajiri. Deni lake riyali nane.
Akaweka pasi kizingitini, akarudi nyuma,
akasema "nitarudi" kwa Kiswahili nilichomfunza mwenyewe.
Pasi ipo. Naizuilia mlango.

Ghorofa ya juu yuko Zaituni, mtu wa Mkinga.
Mshahara umekatwa nusu.
Vyumba havikukatwa, wala masahani;
watoto wanashinda ndani, na makombo yao.
Kwao Mkinga walikuwa wanaezeka.
Nusu ya mshahara, nusu ya bati,
na nyumba iliyoezekwa nusu huvuja nzima.

Mwanangu Raiya akaniambia, mama, shona barakoa.
Nikacheka. Barakoa niijuayo mimi ni ya bibi yangu,
nyeusi, inang'aa kama mgongo wa mende,
na hakuna aliyeivaa kwa kuogopa kukohoa.
Basi nikachukua kitambaa cha yule bwana harusi,
viua vimeshafika nusu,
nikakata, nikatia mpira wa suruali,
nikasimama mbele ya kioo.
Pumzi ikapita kila kiua.

Barakoa haitaki tundu.
Na mimi tangu miaka tisa nimekula kwa tundu,
nimesomesha kwa tundu, nimezika mume kwa tundu.
Toboa, zungusha uzi, kaza, acha upepo upite kichwani mwa mtu:
ndiyo elimu yangu yote.
Leo dunia nzima inaogopa kinachopita tunduni.

Nikashona zisizo na tundu. Besa mia mbili moja.
Thelathini kwa siku, kwa cherehani ya Raiya,
na macho hayakuniuma hata kidogo.
Hapo ndipo nilipolia.

Muhenna alichukuliwa Ramadhani, kumi la mwisho.
Sikumpiga mstari daftarini.
Jana mwanawe amebisha, amesimama mbali kama alivyofundishwa.
Baba aliacha arubuni, riyali kumi, anataka kofia.
Nikaitoa bakulini, nikamrushia.
Ikamfika kwenye nyusi.
"Ipunguze, bibi."
Nikamwambia haipunguzwi hii,
viua vimeshashikana, ukigusa kimoja vyote vinafumuka.
Nenda nayo hivyo hivyo.
Kichwa kitakuja.